Kadi ya Dakika ya Hamsini na Moja

Jumamosi, 2 Machi

Mzunguko wa pili wa ligi unaanza wiki ijayo, na Baba amenipa kazi tatu: kuandika orodha ya wachezaji kabla ya kila mchezo, kutunza daftari la kadi, na kukausha viatu vyake karibu na jiko. Hiyo ya tatu nilikuwa naifanya tangu zamani bila kuteuliwa.

Mwalimu wetu wa lugha anasema mwenye shajara asidhani msomaji anamjua, kwa hiyo naeleza. Ligi Kuu yetu ina timu nane tu. Nchi ni ndogo, na mchezaji unayempigia makofi Jumamosi, Jumatatu unasimama nyuma yake kwenye foleni ya zahanati. Timu yetu ni ya Idara ya Maji. Nahodha ni fundi bomba. Namba sita ni mwalimu wangu wa hesabu, ambaye darasa zima humwita Kipeuo akishageuka ubaoni. Baba kazi yake ni kusoma mita za maji nyumba kwa nyumba, na huu ni mwaka wake wa kumi na tisa wa ukatibu wa timu. Ukatibu haulipwi. Mama husema, "Hiyo timu ingekuwa mke mwenzangu, angalau ingenisaidia kuosha vyombo."

Orodha nimepewa kwa sababu ya mwandiko. Msimu uliopita mwamuzi alimrudishia Baba karatasi yake na kumwuliza, "Katibu, hii ni orodha au cheti cha daktari?"

Timu ya mwisho hushuka daraja. Sisi ni wa saba. Wa nane ni timu ya kiwanda cha mikate, ambayo watu wote huiita Mikate. Mhandisi mkuu wa Idara ameshatangaza kwamba hawezi kulea timu ya daraja la pili: tukishuka, gari, mipira na ruhusa za kutoka kazini mapema, vyote basi. Baba aliposimulia hayo alikuwa anavua soksi, na alibaki ameshika moja mkononi muda mrefu.

Jumapili, 3 Machi

Mvua.

Jumamosi, 9 Machi

Tumefungwa 2–0. Mwalimu amepata kadi ya njano. Mwamuzi, ambaye siku za kazi ni kinyozi, alihesabu hatua za kuwarudisha nyuma wachezaji wetu kwenye mpira wa adhabu. Mwalimu akamfuata nyuma akihesabu naye kwa sauti.

"Umeruka saba, refa."

"Rudi kwenye ukuta."

"Ulitoka sita ukaenda nane. Darasani kwangu unarudia mwaka."

Kadi. Watu walicheka hata wa upande wetu. Nimeandika katika daftari: namba sita, njano, ya kwanza. Kadi za mzunguko wa kwanza zilishafutwa, na kwa kanuni zetu mtu akifikisha tatu hukosa mchezo unaofuata.

Jumamosi, 16 Machi

Sare 0–0. Uwanja unageuka tope. Kati ya viwanja vyote vya ligi ni huu mmoja tu uliobaki na nyasi, kwa hiyo timu zote nane zinachezea hapo, mchezo baada ya mchezo, na nyasi nazo zinaelekea kuomba likizo.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Baba alisoma mita mia moja na arobaini. Alilala na kijiko mkononi.

Jumamosi, 23 Machi

Leo nimeona mvua ikinyang'anya watu ushindi.

Tulikuwa tunaongoza 2–0 dhidi ya timu ya Posta. Mbili! Nahodha alifunga moja kwa kichwa, nyingine kipa wao aliteleza akajifungia mwenyewe. Dakika ya hamsini na moja Mwalimu akapewa kadi ya njano kwa kubishana, safari hii kuhusu mpira uliosimama ndani ya dimbwi: je, umetoka au haujatoka? Dakika ya hamsini na nane mvua ikamwagika, mistari ikafutika, na mwamuzi, yule yule kinyozi, akavunja mchezo. Utarudiwa wote, kuanzia sifuri.

Nahodha alimwendea mwamuzi polepole. "Kaka, na mabao yetu?"

"Hayapo tena."

"Yamekwenda wapi?"

"Yamekwenda na maji. Si nyie Idara ya Maji? Yatafuteni."

Kama si Baba kuingia katikati, kinyozi angenyolewa yeye.

Nyumbani nilifungua daftari la kadi. Nilitaka kumwuliza Baba, lakini alikuwa ameegemea meza na fulana yake mbichi, anakoroma. Nikafikiri mwenyewe kwa utaratibu, kama tunavyofundishwa. Mabao yamefutwa. Dakika zimefutwa. Mchezo ambao haukuwapo hauwezi kuzaa kadi. Nikachukua rula, nikaikata ile kadi ya dakika ya hamsini na moja kwa mstari mmoja ulionyooka. Nilijisikia mtu mzima.

Jumatano, 27 Machi

Nimepita mbele ya duka la kinyozi. Kiti kitupu. Vichwa vyote vya Idara ya Maji vimeamua kufuga nywele.

Jumamosi, 30 Machi

Tumefungwa 3–1. Sitaki kueleza.

Jumamosi, 6 Aprili

Hakuna mchezo. Bata wawili waliogelea karibu na goli la kusini, na Mama alipoambiwa alisema hao ndio tuwasajili.

Jumamosi, 13 Aprili

Mchezo wa marudio na Posta. Tumefungwa 1–0. Wale wale tuliowafunga mawili. Kwenye gari hakuna aliyezungumza isipokuwa kipa, aliyeuliza kama kuna mtu ameona soksi yake. Baba alikuwa akisema "wiki ijayo" kila tukifungwa. Leo hakusema.

Jumamosi, 20 Aprili

Sare 1–1. Mwalimu, njano. Nimeandika: ya pili.

Alipotoka uwanjani alipita karibu na benchi letu, akasimama mbele ya Baba kama anayetaka kusema jambo. Baba alikuwa anahesabu fulana zilizolowa. Mwalimu akaendelea na safari yake.

Jumatatu, 22 Aprili

Paa la ofisi ya timu limevuja, na jalada la kanuni za ligi limelowa hadi ndani. Baba ameanika kurasa kwenye kamba ya nguo, kati ya gauni la Mama na taulo. Zikikauka niziandike upya.

Ijumaa, 26 Aprili

Kesho tunacheza na Mikate. Sisi tuna pointi kumi na moja, wao kumi. Baada ya hapo unabaki mchezo mmoja tu, kwa hiyo kesho tukishinda tumepona. Niliandika orodha mara mbili kwa sababu ya kwanza ilikuwa na alama ya kidole. Baba aliitia sahihi bila kuisoma. "Wewe ukishaandika," alisema, "mimi nisome nini?"

Jumamosi, 27 Aprili

TUMESHINDA! Bao moja, dakika ya sabini na tatu. Mwalimu aliunyang'anya mpira katikati, akatoa pasi iliyopita kati ya watu watatu, na nahodha akamalizia. Mashabiki wetu waliimba "Leo tumekula mikate bila chai" mpaka sauti zikakauka. Hata Mama alitoka nje kutupokea. Baba alikaa kwenye ngazi ya mlango, akasema, "Sasa naweza kuugua." Alicheka, lakini nadhani alikuwa anasema kweli.

Jumapili, 28 Aprili

Ninaandika nikiwa nimefunga mlango.

Kurasa za kanuni zimekauka. Nilianza kuzinakili baada ya chakula cha mchana, kwa mwandiko wangu wa mtihani. Kanuni ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ilikuwa kazi ya kuchosha nikawa naandika bila kusikia ninachoandika. Nilipofika ya thelathini na moja mkono ulisimama wenyewe.

"Mchezo ukivunjika na kuamriwa kurudiwa, mabao hayatahesabiwa. Kadi zilizotolewa zitabaki."

Nililisoma neno "zitabaki" mara nyingi, nikitumaini ni wino uliotambaa. Nikalipeleka dirishani. Zitabaki.

Kwa hiyo ya wiki iliyopita haikuwa ya pili. Ilikuwa ya tatu. Jana Mwalimu hakustahili kuvaa jezi. Na kanuni ya thelathini na nne, ambayo nilikimbilia kuisoma kabla ya zamu yake, inasema timu iliyomchezesha mchezaji aliyefungiwa hupokonywa ushindi, na mpinzani hupewa pointi tatu na mabao matatu. Malalamiko yapelekwe ofisi ya ligi ndani ya saa sabini na mbili tangu mchezo kwisha, yaani mwisho Jumanne saa kumi jioni.

Mikate hawajui. Wangejuaje? Siku ile ya mvua hawakuwapo. Anayejua ni mimi.

Baba amegonga kuuliza kama nimemaliza. Nimesema mkono unauma.

Jumatatu, 29 Aprili

Shuleni Mwalimu alishangiliwa tangu getini. Aliingia darasani, akaandika ubaoni "1–0", akasema leo hakuna kazi ya nyumbani. Jirani yangu wa dawati, ambaye kaka yake ni winga wetu, alinikumbatia.

Baada ya kipindi nilimfuata Mwalimu na rundo la madaftari ya darasa.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Una kadi ngapi?"

Nilitegemea aseme mbili. Aliyaweka madaftari kwenye dirisha, akayanyoosha kingo moja moja.

"Tatu," alisema.

"Ulijua?"

"Binti, nafundisha hesabu mwaka wa kumi na tatu. Unadhani siwezi kufika tatu?"

"Sasa mbona ulicheza?"

Siku zote nimemwona kama mtu aliyetengenezwa kwa chaki na hasira, lakini leo niliona mvi kwenye ndevu zake, na goti alilolifunga bendeji chini ya suruali.

"Niliona jina langu kwenye orodha. Nikajiambia, Katibu hajakosea miaka kumi na tisa, basi nimekosea mimi. Nilitaka sana kuwa nimekosea. Nina miaka thelathini na saba. Michezo ya namna ile sikubakiwa nayo mingi." Kisha akaniuliza, "Baba yako anajua?"

"Bado."

"Kesho saa kumi muda unakwisha," alisema. Hakusema nifanye nini. Mtu anayetupa kanuni ya kila kitu, leo hakuwa na hata moja.

Jioni Baba alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni. Nilileta daftari la kadi na ukurasa wa kanuni, nikaviweka magotini kwake, nikamweleza yote tangu rula. Sikulia mpaka nilipofika kwenye neno "nilijisikia mtu mzima".

Alisoma. Akasoma tena. Maji ya beseni yakapoa.

Mama ndiye aliyesema kwanza. "Nani amelalamika?"

"Hakuna," Baba alijibu.

"Basi mtoto anyamaze, na wewe nyamaza. Kesho saa kumi si mbali."

"Mke wangu, timu hii wewe hujawahi kuipenda."

"Nani kasema naipenda? Nakupenda wewe. Miaka kumi na tisa nakutazama unavyorudi. Ukiipoteza hii timu kwa mkono wako mwenyewe, utarudi hapa kufanya nini? Utanisomea mita ya jikoni?"

Baba hakucheka. Alisema, "Nimechoka, jamani. Niacheni nilifikirie kitandani." Akainuka na miguu yake inachuruzika, akaenda chumbani. Saa moja na nusu ilikuwa haijatimia.

Nakiri hapa, kwa kuwa hapasomwi na mtu: nilitamani anyamaze. Kisha nikaona haya kutamani hivyo. Kisha nikatamani tena.

Jumanne, 30 Aprili

Asubuhi Baba alikwenda kusoma mita kama kawaida. Sikuelewa kitu hata kimoja darasani. Nilikuwa natazama saa ya ukutani: saa sita, saa saba. Saa nane na robo niliona mtu amesimama getini na buti za kazi na mfuko wa mita begani. Baba. Hajawahi kuja shuleni kwangu kwa miguu mchana.

Hakuja kwangu. Alimwomba mlinzi amwite Mwalimu. Walizungumza mbali, vichwa chini, na mvua nyembamba ikiwanyeshea wote wawili. Mwishowe Mwalimu aliingia darasani kuchukua mwavuli wake. Alinitazama. "Na wewe chukua kalamu."

Ofisi ya ligi ni chumba kimoja juu ya duka la rangi. Msimamizi wa ligi alikuwa anakula karanga juu ya ratiba.

"Katibu! Hongera ya Jumamosi."

"Nimekuja kulalamika," Baba alisema.

"Dhidi ya nani tena? Si mmeshinda?"

"Dhidi yetu."

Yule bwana aliacha kutafuna. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua droo, akafunga, akafungua nyingine. "Sina fomu ya namna hiyo," alisema. "Fomu niliyonayo inasema, jina la mlalamikaji, jina la mlalamikiwa. Siwezi kuandika mtu mmoja kotekote."

"Taarifa ya mwamuzi ya siku ile unayo?"

"Ninayo, lakini huku hatuchungui mpaka mtu alete malalamiko. Sikilizeni, ndugu zangu." Akaangalia saa. "Ni tisa kasoro kumi. Shukeni hapo chini mkanywe chai. Mkirudi saa kumi na dakika tano, mimi nitakuwa nimefunga na nyie mtakuwa mmepona. Nani ataumia?"

"Mikate," Mwalimu alisema. "Watashuka wao."

Hilo hatukuwa tumelisema kwa mdomo. Hata mimi, siku tatu nzima, nilimwaza Baba, nikatuwaza sisi, na wale wengine sikuwawaza hata kidogo. Mshambuliaji wao ana mtoto darasa la chini yangu.

Baba alivuta kiti akakaa kwa uzito, kama mtu aliyefika mwisho wa mtaa mrefu. "Kama fomu hakuna, tupe karatasi."

Akanisomea barua, mimi nikaandika. "Mimi, katibu wa timu, nilikosea kuhesabu kadi za namba sita..."

Niliacha kuandika. "Baba, aliyekosea ni mimi."

"Katibu ni nani?"

"Wewe."

"Basi endelea."

Mwalimu akaomba iongezwe sentensi moja: kwamba mchezaji alijua. Baba alimtazama, nikadhani watagombana pale pale juu ya karanga. Baba akaniambia tu, "Iandike aya mpya."

Msimamizi aligonga muhuri saa tisa na dakika ishirini. "Miaka yote niliyokaa hapa," alisema, akiupuliza wino, "sijui hata niiweke jalada gani."

Alhamisi, 2 Mei

Uamuzi umetoka. Sisi kumi na moja, Mikate kumi na tatu. Mchezo wetu wa mwisho ni dhidi ya vinara wa ligi, na Mwalimu amefungiwa. Ni lazima tushinde, na Mikate wafungwe.

Jirani yangu wa dawati amehamia dawati la nyuma. Alipopita aliniambia, "Mngekaa kimya mngekufa?" Jibu nimelitafuta mchana kutwa.

Nahodha alikuja nyumbani. Baba alimfungulia mlango akijua atafokewa. Nahodha alifoka kweli, mpaka majirani wakapunguza redio. Kisha akanywa maji, akauliza mazoezi ya kesho ni saa ngapi.

Jumamosi, 4 Mei

Hakukunyesha.

Tulicheza mchezo wa kwanza, saa nane. Mwalimu alikaa jukwaani kando yangu na aliteseka kama mgonjwa wa jino. "Pembeni! Pembeni! Mpe wa pembeni!" Hakuna aliyemsikia. Na tuliwafunga vinara, ndiyo, tuliwafunga, 1–0, bao la winga, kaka wa jirani yangu wa dawati. Wachezaji wetu walilala chali kwenye tope, na hakuna aliyeshangilia, maana kazi ilikuwa nusu tu.

Mchezo wa pili, saa kumi na nusu, uwanja ule ule, Mikate na Posta. Tulikaa wote kwenye mstari mmoja, wachezaji na jezi zao chafu, Baba, mimi, na Mama, ambaye alikuja na mtandio wa kanisani na hakueleza kwa nini. Posta wakafunga mapema. Ilibaki hivyo dakika sabini na kitu. Nilikuwa nimeshika mkono wa Mama na sijui ulifikaje kwangu.

Dakika ya themanini na sita mshambuliaji wa Mikate alisawazisha. 1–1. Pointi kumi na nne kwetu, kumi na nne kwao, na yale mabao matatu ya mezani yakawaweka juu kwa tofauti ya mabao.

Tumeshuka.

Yule mshambuliaji alikimbia mpaka kona akamwinua mtoto wake juu. Nilimtazama. Nilitaka kumchukia nikashindwa, na kumfurahia nako nikashindwa. Baba alisimama, akaanza kukusanya fulana. Kumi na sita. Alizihesabu mara mbili.

Jumatatu, 6 Mei

Mhandisi mkuu ametimiza neno lake. Gari limekwisha. Amekubali tubaki na mipira minne.

Jumatano, 8 Mei

Baba amelala tangu saa kumi na mbili jioni. Mama amesema asiamshwe, hata kwa chakula.

Jumamosi, 11 Mei

Siku ya kwanza bila mchezo. Baba aliamka, akavaa, akakaa kwenye kiti cha mlangoni kama abiria. Mama akapita na ufagio mara tatu, akamfagilia mpaka miguu.

Saa nane Mwalimu akatokea, na goti lake na mwavuli wake. "Katibu, daraja la pili wanacheza leo kule nyuma ya kiwanda cha matofali. Nakwenda kutazama. Sina shughuli."

"Mimi pia sina," Baba alisema.

Nikawafuata. Uwanja huo hauna jukwaa wala uzio. Tulisimama kando ya mstari na watu kama thelathini. Timu moja ilikuwa na jezi za rangi mbili tofauti. Mwamuzi alikuwa hana msaidizi upande wetu, na Mwalimu alipoanza kumwelekeza, aliambiwa arudi hatua tano, akazihesabu kwa sauti.

Kipindi chote cha kwanza Baba alitazama chini zaidi kuliko alivyotazama mpira. Wakati wa mapumziko alitembea kutoka goli moja hadi lingine, taratibu, mikono nyuma, kama anayesoma mita. Aliporudi alikuwa anahema.

"Uwanja huu umeinama," alisema.

"Nyuzi tatu hivi," Mwalimu akajibu. "Labda nne."

Baba aliutazama tena ule mteremko.

"Msimu ujao sarafu ikirushwa tukashinda," alisema, "tuanze kwa kupanda. Kushuka kuwe kipindi cha pili, miguu ikishachoka."